Nani Alimpa Baba Ukali?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kosa la mtoto hutendeka mchana na huhukumiwa usiku. Sahani imevunjika saa nane, mama amefoka, halafu ametamka maneno ambayo wengi wetu tumekulia nayo: "Ngoja baba yako arudi." Kuanzia hapo mtoto hana raha. Baba naye ameondoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, amerudi saa tatu usiku akiwa amesimama ndani ya daladala njia nzima, na kabla hajavua viatu anakabidhiwa kesi ambayo hakuiona ikitokea. Atauliza nini? Atamwamini nani? Anafoka, mtoto analia, mama anasema "basi, inatosha," na siku imekwisha. Mtoto amelala akijua kwamba mama ni mtetezi na baba ni kiboko.

Tumezoea kulieleza jambo hili kwa ufupi: mama ana huruma, baba ni mkali, ndivyo walivyoumbwa. Sikubali. Ninavyoona, sehemu kubwa ya ukali wa baba na upole wa mama inatokana na jinsi tulivyogawana saa za siku na kazi za nyumba. Lakini wanaonipinga wana hoja nzito, na hoja nzito inastahili kusikilizwa hadi mwisho. Nimeibuni nyumba moja na kuwaketisha humo wenyeji wake: mume ni dereva wa lori, mke ni muuguzi, yupo bibi yake mke kutoka milima ya Uluguru, dada wa kazi, na jirani yao, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nyumba ni ya kubuni. Maneno yao yanasemwa kila siku katika nyumba za kweli.

DEREVA: Shikamoo Bibi, shikamoo Mwalimu. Nianze mimi, kwa kuwa naona anayeshtakiwa hapa ni baba. Natoka bandarini na mzigo, nafika Tunduma, nakaa kwenye foleni ya mpakani, mara nyingine navuka mpaka Lubumbashi. Nikirudi nina siku mbili au tatu za kukaa na watoto wangu. Mama yao anaweza kusema jambo lile lile mara ishirini kwa wiki, polepole, mpaka liwaingie. Mimi nina Jumapili moja. Kwa hiyo nasema mara moja, na nasema kwa sauti itakayobaki masikioni nikishaondoka. Mnaweza kuuita ukali. Lakini pale mpakani nimewaona vijana wadogo wanaolala kando ya malori, wanaokota kinachodondoka, na wengi wao ukikaa nao utagundua hawakuwa na mtu ambaye akisema hapana inakuwa hapana. Mtoto anahitaji mtu mmoja wa namna hiyo. Mama hawezi kuwa yeye, kwa sababu mama ndiye anayembembeleza akiumwa.

MUUGUZI: Baba watoto, hiyo hapana yako inaishi siku ngapi? Mara ya mwisho ulisema hakuna televisheni mwezi mzima. Kesho yake ulikuwa Makambako. Nani alibaki na rimoti? Nikisimamia adhabu yako, nagombana na watoto wiki nne kwa hukumu ambayo sikuitoa. Nikilegeza, unarudi unasema nawadekeza. Na hili la huruma ya mama nataka lieleweke. Mimi si mpole. Usiku wodini nasimamia wagonjwa, ndugu zao na wanafunzi wa uuguzi, na nikisema kitu kinafanyika. Ila nikitoka zamu ya usiku, nikafika hapa saa mbili asubuhi, mtoto akasema leo hataki kwenda shule, sina nguvu ya kushindana naye. Nasema haya, baki. Watu wanaona moyo wa mama. Ule ni uchovu.

BIBI: Mume wangu, na wewe mjukuu wangu, mnabishana kama vile watu wote duniani wanaishi humu ndani. Kwetu Matombo mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Shamba lilifuata upande wa mama. Mwenye sauti juu ya mtoto alikuwa mjomba. Akioa ni mjomba, akikosa ni mjomba. Baba yangu alinibeba mabegani kwenda mtoni, alinichongea vijiti vya kuchezea, wala sikumbuki akininyanyulia mkono. Tuliyemkimbia alikuwa mjomba. Tukimwona anapandisha mlima tunakwenda kujificha nyuma ya nyumba. Sasa mkiniambia baba kaumbwa mkali, nauliza ni baba yupi? Wangu hakuwa hivyo.

Hapa naingilia, kwa sababu Bibi amegusa kiini cha jambo. Waluguru hawako peke yao. Wamakua, Wamakonde na Wamwera wa kusini nao kwa desturi walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Pale ambapo mamlaka juu ya mtoto, mali na ndoa yake yalikuwa mikononi mwa kaka wa mama, ukali nao ulikaa huko huko, na baba akabaki na nafasi ya kuwa rafiki. Kwa watu waliohesabu ukoo kwa baba, mambo yaligeuka: mjomba ndiye aliyekimbiliwa, na baba ndiye aliyeogopwa. Baba ni yule yule aliyezaa. Kilichobadilika ni nani amepewa neno la mwisho.

DEREVA: Bibi, umenisaidia bila kutaka. Baba hakukemea, sawa. Lakini aliyekemea alikuwa mwanamume vile vile. Ukali haukuondoka kwa wanaume, ulihama kutoka mwanamume mmoja kwenda kwa mwingine.

BIBI: Wewe hukuwekwa ndani ukiwa mwali. Mimi niliwekwa. Waliotufunda walikuwa wanawake watupu, na hakuna mjomba aliyewafikia kwa ukali. Nilikuwa nikisikia kikohozi cha bibi yangu mlangoni moyo unanidunda. Mwanamke akipewa kazi ya kufunda, anafunda.

MWALIMU: Niongeze ushahidi wa maandishi, maana tunao ndani ya Kiswahili chenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Mumewe, Sheikh Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki. Ukiusoma ukitafuta huruma ya mama kama tunavyoielewa leo, utashangaa. Upendo umo kila ubeti, lakini ni upendo unaoamuru: dini yako, ulimi wako, mumeo, nyumba yako, watu wa kukaa nao na wa kuwaepuka. Hakuna mahali anapomdekeza. Sasa mweke kando yake Shaaban Robert. Alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto. Akatunga tenzi mbili, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Baba yule hakusubiri shangazi aje kuzungumza na binti. Aliketi akamwandikia mwenyewe juu ya dini, tabia, ndoa na maisha ya nyumbani. Wazazi hawa wawili, mmoja wa visiwa vya Lamu karne ya 19, mwingine wa Tanga karne ya 20, wanafanana kwa jambo moja kubwa: kila mmoja alikuwa amebaki peke yake. Kila mmoja akalazimika kuibeba na sehemu ya mwenzake, na akaiweza.

DEREVA: Mwalimu, hao ni washairi. Mimi nazungumzia mtoto wa miaka minne hapa sebuleni. Mimi nikiingia namrusha juu, namdaka, anacheka mpaka anakwama pumzi. Mama yake anapiga kelele, utamwangusha. Siku namfundisha baiskeli nilimwachia akaanguka, akasimama, akaendelea. Mama yake angeshika kile kiti cha baiskeli mpaka leo. Hiyo tofauti nayo imetoka kwenye saa za kazi?

Hoja hii naiheshimu, na wataalamu wa malezi waliiona zamani. Katika miaka ya 1970 Michael Lamb aliwachunguza watoto wachanga majumbani mwao Marekani, akaona kwamba mama aliwabeba zaidi kwa kuwahudumia, na baba aliwabeba zaidi kwa kucheza nao, tena michezo ya nguvu. Wengi wakahitimisha kwamba hiyo ndiyo tabia ya baba popote alipo. Kisha Barry Hewlett akaenda kuishi na Waaka, wawindaji wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Mwaka 1991 alichapisha kitabu juu ya akina baba wa huko. Baba wa Kiaka alikuwa amembeba mtoto wake mchanga, au yuko umbali wa kumfikia kwa mkono, karibu nusu ya siku nzima. Na baba huyo hakuwa na ile michezo ya kurusha juu. Maelezo ya Hewlett yalikuwa wazi: baba wa Kiaka anamjua mtoto wake kwa kukaa naye, anajua kilio cha njaa na cha usingizi, kwa hiyo hahitaji kumrusha ili waonane vizuri. Baba anayemwona mtoto dakika chache kwa siku ndiye anayehitaji njia ya haraka ya kumfikia. Mchezo wa nguvu ni njia hiyo. Ni nzuri, mtoto anaipenda, na sioni sababu ya kumkataza dereva wetu. Ninachokataa ni kuifanya kuwa alama ya uanaume, halafu kumwacha mama na kazi ya kuosha, kulisha na kuamka usiku kana kwamba mikono yake iliumbwa kwa hayo tu.

DADA WA KAZI: Naomba niseme, maana niko hapa wakati wengine wote hampo. Mimi natoka Singida. Nina mtoto wangu wa miaka sita, yuko kwa mama yangu, mimi nalea hawa. Nimeona kwamba hawa watoto wana mama wawili na baba wawili. Mama wa asubuhi ni mkali kuliko baba: vaa, kunywa uji, soksi iko wapi, gari litakuacha. Mama huyo huyo akikaa chini jioni ni mwingine kabisa. Baba akirudi na mapokezi ya kesi ni mkali, baba wa sikukuu anawabeba mgongoni. Halafu kuna ile siku mama alikwenda semina Dodoma, wiki mbili, na lori la baba lilikuwa gereji. Baba alibaki nao. Siku ya kwanza alipiga kelele tangu alfajiri. Siku ya pili alipiga kelele, akatafuta soksi mwenyewe. Ilipofika mwisho wa wiki nilimsikia anasema, "Haya, nani anajua daftari lake liko wapi?" kwa sauti ile ile ya mama, ya mtu anayejua jibu. Alikuwa ameshajua mdogo hali uji wenye mabonge. Alikuwa ameshajua wa kati anachelewa kuvaa kwa sababu viatu vinambana na anaogopa kusema. Kabla ya hapo alidhani ni mkaidi.

DEREVA: Hilo la viatu ni kweli. Nilimchapa kwa kuchelewa, na tatizo lilikuwa viatu.

MWALIMU: Na mlioko hapa mnajua sheria inasemaje. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikubali adhabu isiyo na kiasi, ukizingatia umri wa mtoto, mwili wake na akili yake. Mwaka huo huo wa 2009 ulifanyika utafiti wa taifa juu ya ukatili kwa watoto Tanzania. Matokeo yalitolewa mwaka 2011: karibu watatu kati ya kila vijana wanne waliohojiwa walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na wazazi na walimu walikuwa wa mbele kati ya waliotajwa. Mimi nilikuwa mwalimu. Siwezi kukaa hapa nikamnyooshea kidole baba peke yake.

Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni binti mkubwa wa nyumba hii, yuko kidato cha tatu. Aliomba nafasi, na Bibi akasema apewe.

BINTI: Nitasema kwa heshima. Baba akinipigia simu anauliza nimekuwa wa ngapi darasani. Mama anauliza nimekula. Nawapenda wote. Lakini kuna kitu kinaniumiza kuliko ukali wa baba. Ni "usimwambie baba." Nilipofeli hesabu, mama alisema atasawazisha mwenyewe, tusimwambie baba. Nilipopoteza ada ya tuisheni, usimwambie baba. Kaka aliporudi usiku ananuka sigara, usimwambie baba. Mama anatulinda, najua. Lakini baba anapokuja nakaa naye nikiwa nimejaa siri, na namkwepa, na yeye anadhani namwogopa. Simwogopi. Naogopa kusema lisilotakiwa. Na jambo lingine: anayeniambia nioshe vyombo huku kaka amelala kwenye kochi si baba. Baba hajawahi kusema hivyo. Ni mama.

MUUGUZI: Umesema kweli, mwanangu. La vyombo nilifundishwa hivyo, nikaliendeleza. La siri nina maelezo. Mtoto akiharibika, mtaa mzima utauliza mama yake alikuwa wapi. Hata methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, baba hatajwi. Akifaulu ni mtoto wa baba yake. Kwa hiyo mama anaficha kosa la mtoto kama anavyoficha kosa lake mwenyewe.

Nimeyaandika maneno ya binti yule nikijua ni watoto wangapi wangeyasema wakipewa nafasi. Tunapojadili mitindo ya baba na mama, tunaweka ukali upande mmoja na upole upande mwingine, tunapima. Lakini kinachomlea mtoto ni mambo yanayopita kati ya wazazi wawili. Mama anayemtisha mtoto kwa jina la baba, kisha akamficha mtoto kwa baba, anamjenga baba asiyekuwapo: mtu wa kuogopwa mchana na kudanganywa usiku. Na baba anayekubali kupokea kesi bila kuuliza, kwa sababu hukumu ni kazi ya dakika tano na kumjua mtoto ni kazi ya miaka, ameshiriki kulijenga umbo hilo. Si haki kumtupia lawama mmoja.

Wala si suala la nyumba peke yake, kwa kuwa dola nayo imeshika upande. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua pacha. Baba ilimpa angalau siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, mama ana miezi mitatu na baba wiki 2. Mama anahitaji muda wa kupona na kunyonyesha, hilo halina ubishi. Lakini siku 3 zinamtosha baba kumleta mama kutoka hospitali, kununua pampasi, kuwapokea wageni, na kurudi kazini akiwa bado hajui mtoto analia vipi akiwa na gesi tumboni. Kutoka hapo mama anatangulia kwa wiki nyingi za kumjua mtoto, na kila mwezi unaopita pengo linakua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inachukulia, mpaka ithibitishwe vingine, kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, imesema wazi kwamba wajibu wa malezi ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Naipenda ibara hiyo. Lakini usawa wa wajibu bila saa za kuutekeleza utabaki kwenye karatasi.

DEREVA: Mimi sina likizo ya baba wala ya mjomba. Siwezi kuiacha njia ya Tunduma, ndiyo inayolipa ada. Na bado nasema mtoto lazima aambiwe hapana. Hilo hamjanitoa.

MUUGUZI: Hakuna anayekutoa. Aambiwe na mimi nikiwapo, na wewe ukiwapo. Kosa la mchana niliamue mimi mchana huo huo, liishe. Ukirudi usilikute. Na mimi "usimwambie baba" naiacha. Utaambiwa lililotokea, na utaambiwa limeshaamuliwa.

DEREVA: Basi na simu zibadilike. Nikiwa njiani ninapigiwa kwa ajili ya mashtaka tu. Nipigieni mtoto anisomee alichoandika leo, hata kama ni mistari mitano. Nikiwa kwenye foleni ya mpakani nina saa nyingi kuliko nyinyi wote.

BINTI: Na usianze na kuuliza wa ngapi darasani.

DEREVA: Nitaanza na kuuliza umekula nini.

DADA WA KAZI: Mimi mmenisahau. Mama akiwa kazini na baba akiwa Tunduma, anayesema hapana hapa ni mimi. Juzi nilimnyang'anya mdogo kisu, akaniambia, "Wewe si mama yangu." Mama ulikuwapo, ukacheka. Siku nyingine atakuwa na kitu kibaya kuliko kisu na mtakuwa mbali. Nani atamwambia kwamba neno langu nalo ni neno?

MUUGUZI: Nitamwambia mimi. Leo, akitoka shule, na wewe utakuwa umesimama pale pale.

DEREVA: Nami nitakuwepo.